Dau Likipandishwa

Mwanzoni mwa kusi ya mwaka 2022 nilikuwa nimeketi chumbani mwangu usiku, mlango nimeurudisha, nikishindana na mtu nisiyemjua jina wala sura juu ya senti 40 za Kimarekani. Kwa fedha yetu zilikuwa hazifiki shilingi elfu moja, wala zisingenunua kilo ya mchele. Hata hivyo moyo ulikuwa ukinidunda kama wa mwizi, na vidole vilikuwa vimenipoa. Nataka kueleza nilifikaje hapo, na niliondokaje, kwa kuwa tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nadhani si langu peke yangu.

Mimi ni mtu wa kalamu. Shule niliiacha kidato cha pili, na Kiingereza nilichonacho nilikipata kwa kamusi ya Johnson iliyokatika mgongo, nikiisoma usiku baada ya usiku kama mtu asomaye uradi. Mashairi nilijifunza barazani, na tafsiri nilijifunza kwa njaa. Mfasiri asiye na cheti hapangi kazi. Huja kazi ikampanga yeye. Nimefasiri maelezo ya dawa za mimea, mikataba ya nyumba za wageni, hata maneno ya kuandikwa kwenye vibao vya fukwe. Basi aliponijia mtu wa kati, kijana ninayemfahamu tangu utoto wake, akaniambia, “Maalim, iko kazi ya kitabu, na wenyewe wanalipa,” sikuuliza mengi. Kampuni moja ya ughaibuni ilitaka mafunzo yake ya mchezo wa poka, pamoja na maneno yote ya programu yake, yawe kwa Kiswahili. Malipo yalikuwa dola 800. Binti yangu alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na msomaji mwenye mtoto chuoni hahitaji nimweleze zaidi.

Ili nisifasiri nisichokijua, kampuni ilinifungulia hesabu yenye dola 20. “Uonje,” waliandika. Nikaonja.

Sehemu ya kwanza ya kazi ilinipa furaha kubwa. Majina ya karata sisi tunayo tangu zamani, tena matamu. Kopa, uru, shupaza na pau ni maneno tuliyoachiwa na Wareno, ambao kwao ni copas, ouros, espadas na paus. Wareno walitua pwani hii mwaka 1498, wakaanza kujenga ngome ya Mombasa mwaka 1593, wakatolewa mwaka 1698. Mizinga yao imelala kimya, lakini karata zao zinachezwa hadi leo kila kwenye mkeka na kahawa. Turufu pia ni yao. Wahedi wa sitini nao una sura ya mchezo wao uitwao sueca: jumla ya hesabu ni 120, na mwenye kufikisha 61 ndiye mshindi. Ndiyo maana wazee wetu walimwita malkia mzungu wa pili, mtumishi mzungu wa tatu, na mfalme mzungu wa nne, kwa kuwa katika hesabu ile mmoja ana mbili, mwingine tatu, mwingine nne. Ree nalo linafanana na neno lao la mfalme, ila kwetu likapewa karata ya moja. Niliyaandika haya daftarini nikicheka peke yangu. Kitabu cha kigeni kilikuwa kinanirudisha barazani kwetu.

Tabu ilianza kwenye maneno ya fedha. Wahedi wa sitini hauna kupandishiana. Hushindanwa kwa karata zenyewe. Poka ni kinyume chake. Karata ni kisingizio, na mchezo hasa ni dau. Mchezaji anapoweka fedha, mwenzake ana majibu matatu: atupe karata zake aondoke, aweke kiasi kile kile amfuate, au apandishe. Kutupa, kufuata, kupandisha: maneno haya matatu yalinichukua siku nne. Kwa fedha iliyokusanyika mezani sikukubali neno chungu ambalo kijana alinipendekezea, nikaandika mfuko. Neno dau lenyewe lilinisimamisha kalamu, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Mchezo huu ulikulia Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Ulipanda mto Mississippi kwa meli za moshi kutoka New Orleans, na Jonathan Green, mcheza kamari aliyetubu, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1843. Mwaka 1944 John von Neumann na Oskar Morgenstern waliuingiza katika hisabati yao ya michezo, wakaonyesha kwamba kuhadaa kwa dau kubwa hali mkono ni mtupu si ubaya wa tabia ya mchezaji tu. Ni sehemu ya hesabu yenyewe, kwani asiyehadaa kamwe hujulikana, na anayejulikana halipwi. Mwaka 1998 ukaanza kuchezwa kwa fedha katika intaneti. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia kwa shindano la intaneti la dola 86, akaishia Las Vegas na dola milioni 2.5. Hadithi ile ndiyo chambo hadi leo. Nilisoma vilevile kwamba Al Alvarez, mshairi na mhakiki wa Kiingereza, aliupenda mchezo huu na akautungia kitabu mwaka 1983. Nakiri nilifarijika mno kusikia hivyo. Mtu anayetafuta ruhusa huikubali hata kwa asiyemjua.

Kwa maana ruhusa nilikuwa naitafuta. Shauri la kamari limekwisha kukatwa katika Suratul Maida, na sikuhitaji mwalimu wa kunikumbusha. Nilijiambia kwamba huu ni utafiti, kwamba fedha si yangu, kwamba senti mbili na senti tano si kamari bali ni mfano wa kamari. Nikacheza usiku wa kwanza kwa ajili ya maneno. Usiku wa tano maneno yalikuwa yamekwisha, nami nilikuwa bado nacheza.

Sasa nirejee kwenye zile senti 40. Meza ilikuwa ya watu sita. Kila duru wawili huweka dau la lazima, mmoja senti 2 na mwingine senti 5. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati, za wote: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Nilikuwa na ree ya shupaza na mzungu wa tatu wa uru. Niliweka senti 15. Wote walitupa isipokuwa yule wa senti 5, aliyeongeza 10 akanifuata. Mfuko ukawa na senti 32. Zikafunuliwa ree ya pau, tisa ya kopa na nne ya kopa. Nina jozi ya ree, na hakuna jozi iliyo juu yake. Mwenzangu alipita bila kuweka kitu. Nikaweka senti 20. Akapandisha hadi 60.

Saa ya kwenye kioo ikaanza kupungua. Kufuata kulinitaka senti 40, na mfuko ulikuwa umefika 112. Hesabu yake ni nyepesi: ninatoa 40 ili mfuko uwe 152, kwa hiyo nikiwa nashinda zaidi kidogo ya mara moja katika kila mara nne, sipati hasara. Lakini hesabu ile inajua fedha tu, haimjui mtu. Je, ana tisa tatu? Ana ree na tisa? Au ana kopa mbili mkononi na anaingoja ya tano? Kama anangoja, basi kati ya karata 47 asizoziona kopa zimebaki 9, na kwa karata mbili zijazo ataipata kama mara 35 katika 100. Basi huyo ninamshinda mara nyingi zaidi kuliko anavyonishinda. Na kama anahadaa? Wajuzi wa meza za senti husema kwamba huko chini watu hawahadai sana. Anayepandisha, mara nyingi anacho. Tena karata mbili bado zinakuja, na kila moja itakuja na dau lake.

Nilipofika hapo nikagundua kwamba hali ile naijua. Nimeishi ndani yake miaka thelathini. Mshairi anapotupa beti zake hadharani zenye fumbo la kumchokoza mwenziwe, huweka dau. Anayechokozwa ana yale yale majibu matatu. Anaweza kunyamaza, na watu wakasema ameishiwa. Anaweza kujibu kwa vina vile vile na mizani ile ile, asizidishe, akaonyesha tu kwamba yupo. Au anaweza kupandisha: akachukua kina kigumu zaidi, akalivua fumbo nguo, akamtaka mwenzake afuate ikiwa ana pumzi. Hivyo ndivyo Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, na washairi wa Lamu walivyojibizana zama za vita vya Shela, na kwao dau lilikuwa miji na roho za watu. Nami katika ujana wangu niliwahi kupandisha mahali pa kunyamaza, nikampoteza rafiki kwa ajili ya beti saba ambazo leo hakuna anayezikumbuka, mimi mwenyewe nikiwamo.

Na hapo ndipo neno dau lililonisimamisha kalamu liliponirudia. Msomaji wa pwani anajua kwamba dau ni fedha iwekwayo, na dau ni chombo cha baharini. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu kwa baba na mama, alikuwa na dau. Nilipokuwa na miaka kumi nilikuwa nikitumwa kuwapelekea kahawa wachezaji kwenye banda la pwani, na wahedi wa sitini wao ulikuwa umeacha kuwa wa heshima ukawa wa fedha. Aliyeshindwa mchezo mmoja alikuwa na haki ya kutaka dau lipandishwe katika mchezo ufuatao, na aliyeambiwa hivyo alitakiwa aitike mbele ya watu. Jioni moja mjomba alishindwa, akapandisha, akashindwa, akapandisha tena. Kisha mwenzake akampandishia yeye. Nakumbuka vikombe vikiwa mkononi mwangu na watu wote wamenyamaza wakimtazama. Mjomba hakuzitazama karata. Aliwatazama wale watu, mmoja baada ya mmoja, kisha akasema, “Na liwe.” Alipoteza dau kwa dau. Msimu uliofuata alikuwa akitoka alfajiri na chombo kile kile, kama baharia wa kuajiriwa, na mwenye chombo amelala.

Mama yangu hakumlaumu ndugu yake maisha yake yote. Alisema neno moja tu, nami nimelihifadhi: “Mjomba wako hakushindwa na karata, mwanangu. Alishindwa na macho ya watu.”

Usiku ule wa kusi hapakuwa na macho ya watu. Huo ndio werevu wa mchezo wa intaneti: umemwondolea mtu aibu ya kupoteza, na pamoja nayo umemwondolea kitu kilichokuwa kikimzuia. Hakuna anayekuona ukipandisha saa nane ya usiku. Hakuna mtoto mwenye vikombe. Nikafuata, nikaweka senti 40. Ikafunuliwa saba ya pau, ambayo haikubadili kitu. Mwenzangu akaweka dola 1 na senti 10. Mfuko ulikuwa 152, sasa 262. Nilitakiwa nishinde karibu mara tatu katika kila kumi. Saa ilipobakia sekunde chache nilikumbuka kwamba mtu huyu alikuwa amekaa kimya muda wote wa saa nzima, akitupa, akitupa. Nikatupa.

Mfuko ukamwendea. Karata zake hazikufunuliwa. Sheria ndiyo hiyo: anayetaka kuona sharti alipe, aliyetupa haonyeshwi. Mpaka leo sijui kama nilimponyoka au nilihadaiwa.

Usingizi haukuja, nikachukua daftari nikafanya hesabu nyingine, ile ambayo mafunzo niliyokuwa nikiyafasiri hayakuwa nayo. Katika meza ile kampuni ilikata senti 5 katika kila dola ya mfuko. Tuseme mfuko wa wastani una senti 60: zinatoka senti 3. Tuseme duru 60 kwa saa: zinatoka dola 1 na senti 80. Watu sita wakikaa na dola 5 kila mmoja, mezani pana dola 30. Wasipoongeza kitu na wasipoondoka, kabla ya saa kumi na saba hazijapita fedha yote itakuwa imekwenda kwa mwenye meza, hata wote sita wawe mahodari sawasawa. Tulikuwa tukitishana na kuviziana, na huku sote tukivulia chombo cha mtu aliyelala.

Asubuhi niliyatazama maneno yangu upya. Kutupa, kufuata, kupandisha. Yalikuwa maneno mazuri, na uzuri wao ndio uliokuwa ukinitisha. Kazi mbovu ya tafsiri huwa ni ukuta; msomaji huona ugeni, akarudi nyuma. Kazi njema ni mlango. Vijana wa mtaa wangu wana simu, wana wakati, na hawana kazi. Kwa Kiingereza mchezo ule ulikuwa mbali nao. Mimi ndiye niliyekuwa nikiusogeza, tena kwa kopa na uru za babu zao, ili wauone kama jambo la nyumbani.

Nikamwandikia mtu wa kati kwamba sitaendelea. Nilirudisha malipo ya awali, na zile dola zilizobaki kwenye hesabu nikaziacha huko. Baada ya siku mbili jibu likaja: kampuni imependezwa na kurasa za mwanzo, nayo itatoa dola 1,200.

Wamepandisha, nikasema moyoni. Na safari hii lilikuwa dau la kweli. Nilikaa nalo siku tatu. Mama watoto alinisikiliza, akasema, “Baba, mimi sikwambii fanya wala acha. Ila ada ya mtoto inajulikana tarehe yake.” Alisema kweli. Nilimpigia binti yangu simu nikamweleza yote, mpaka usiku wa tano, mpaka senti 40, jambo ambalo si rahisi kwa mzazi kumwambia mwanawe. Alinyamaza muda. Kisha akauliza, “Baba, ungefuata ungekuwa unafuata kwa sababu ya hesabu, au kwa sababu umeona aibu kwamba huna ada yangu?” Sikumjibu. Hakuwahi kumwona babu yake mjomba, wala hajui lile banda la pwani lilikuwa wapi.

Nikatupa karata. Ada tuliilipa kwa kuchelewa, kwa mkopo wa ndugu na kwa bangili moja ya mama watoto ambayo hadi leo sijaikomboa.

Nisingependa msomaji adhani nasimulia ushindi. Miezi michache baadaye kijana yule alinionyesha mchezo wenyewe kwenye simu yake, kwa Kiswahili. Alikuwa amefasiri mtu mwingine, au mashine, sijui. Uru zimeitwa almasi, kutupa kumeitwa kukunja, na sentensi zinachechemea kama mtu mwenye mwiba. Ukuta wangu basi haukujengeka kwa mimi kuondoka. Mlango umewekwa, ila ni mlango mbovu, na wanaotaka kuingia wanaingia. Je, nilifanya kitu? Au nilimnyima binti yangu ada ya wakati ili tu lugha ya kamari iwe mbaya?

Daftari ninalo bado. Ukurasa mmoja una majina ya karata, wa pili una yale maneno matatu, na wa tatu una hesabu ya saa kumi na saba. Mara mojamoja, kusi inapovuma na usingizi unapokataa, hulifungua nikasoma. Nisiseme uongo: mkono huwasha. Mchezo ule niliupenda, na ningeuweza. Kisha hulifunga nikalirudisha chini ya kamusi, nikijua kwamba sitaonyeshwa karata za upande wa pili, kwa kuwa mimi ndiye niliyetupa.